Msimu Umeisha, Ndoo ya Nyanya Bado Ina Kazi

Karibuni tena. Leo hatuanzi kwa kupanda, tunaanza kwa kung'oa. Mnyanya huu umeshazaa vya kutosha. Majani ya chini yamekuwa ya njano, maua machache yaliyobaki yanadondoka, na hata nikiumwagia mbolea sasa nitakuwa najidanganya tu.

Kwanza vuna kilichobaki. Tazama hizi mbili, zimeanza kupiga rangi kwa chini: hizo zitaivia ndani. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja, maana ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Usiziweke kwenye friji, zitapoteza ladha. Hivi vidogo vigumu, kijani kitupu, havitaiva. Usivisubiri.

Sasa kata shina, kisha ng'oa mizizi. Usiitupe kabla hujaikagua! Nasogeza kamera... Mizizi hii ni mizima, nyembamba na myeupe. Ungeona imevimba vinundu vinundu, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo wadogo sana wanaoshambulia mizizi, na udongo huo usiupandie tena mboga. Ila kwenye maharage usishtuke: vinundu vidogo vinavyobanduka ukivisugua kwa kidole ni vya bakteria wanaoipa mimea naitrojeni. Hao ni rafiki.

Tugeukie udongo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna wanaoumwaga wote, na kuna wanaochomeka mche mpya palepale. Mimi nimewahi kuwa kundi la pili, nikapata miche iliyodumaa mwezi mzima. Udongo wa ndoo huchoka upesi kwa sababu mizizi haina pa kwenda, na kila unapomwagilia, virutubisho huvuja kwa chini. Huu utando mweupe juu ni chumvichumvi za mbolea na maji, ukwangue uutupe. Mwaga udongo kwenye turubai, vunja mabonge, toa mizizi mikubwa. Halafu changanya makopo matatu ya udongo huu na kopo moja la mboji iliyoiva. Utajuaje imeiva? Ishike: haina joto, na inanukia kama ardhi baada ya mvua. Ikinuka vibaya, iache kwanza.

Ndoo yenyewe ioshe kwa sabuni mpaka uchafu utoke. Kisha iloweke kwa dakika 10 kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, suuza vizuri. Tafadhali, dawa hiyo usiichanganye na kisafishio kingine chochote, hasa chenye siki au amonia. Moshi wake ni hatari. Zibua matundu ya chini, na uiinue ndoo juu ya vipande vya matofali maji yapate kutoka.

Tunapanda nini? Si nyanya tena, wala pilipili, wala biringanya. Hizo ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale. Nenda kwenye majani: saladi, spinachi, vitunguu vya majani, au figili kama huna subira, maana zile ndogo huwa tayari baada ya mwezi hivi. Kina cha sentimita 20 kinatosha. Mbegu za saladi usizizike. Zinyunyize juu, zifunike kwa vumbi jepesi tu la udongo, kwa sababu zinapenda mwanga. Kukiwa na joto kali hazitaota, zipeleke kivulini.

Maji sasa. Mmea mdogo hunywa kidogo, na siku zikipoa hunywa kidogo zaidi. Ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, weka kopo chini, ondoka. Najua mkono unawasha kumwagilia.

Saladi ikifika kimo cha kiganja, chuma majani ya nje, moyo uuache. Siku chache tu, utachuma tena.