Ukienda São Paulo, ogopa simu iliyo wazi mkononi mwako

Haya jamani, nyie mliosimama mlangoni sogeeni, huku mbele nafasi zipo. Mambo ya viza na chanjo ya homa ya manjano wenzangu wameshawaeleza, sirudii. Mimi naongelea usalama wenu huko São Paulo, Brazil, na wengine hapa mmeshanisikia, ila mtanisikia tena maana kila kundi likiondoka nalisema hilihili na bado watu wanalizwa vilevile.

Kila anayekuja kwangu swali la kwanza ni favela, ile mitaa ya mabanda. Dada yangu, favela wewe utafikaje? Unalala Paulista au Jardins, mzigo unafuata kwenye maduka ya Brás na mtaa wa 25 de Março, favela haimo kwenye njia yako hata kidogo. Kitakachokuumiza São Paulo unacho mkononi sasa hivi na wengine mnakichezea hapo hapo wakati naongea. Simu. Tena sio simu tu, simu iliyo wazi, kioo kinawaka, loki imeshatolewa.

Sikilizeni. Tulikuwa na kijana mmoja, mjanja kweli, mtoto wa mjini, amekulia Dar, tumesimama kwenye zebra pale Avenida Paulista, mbele ya lile jumba la makumbusho la MASP, mchana kweupe, watu kibao. Nimeshawaambia wote mtaani simu haitoki mfukoni. Yeye kaitoa, anaangalia ramani, kasimama ukingoni kabisa mwa barabara, mkono kaunyoosha mbele kama anampa mtu zawadi. Baiskeli imepita, hata haikupunguza mwendo, na simu imeenda. Kijana wa watu kabaki vidole vimekunja hewa. Akataka kukimbiza, nikamshika shati. Nitawaambia kwa nini.

Sasa simu yenyewe wala haikuwa ya maana, kioo kilishapasuka kona. Kilichomliza ni yaliyofuata. Yule wa kwenye baiskeli kazi yake ni kukwapua na kuhakikisha kioo hakizimi, anaendelea kukigusa gusa, anaweka fulaiti modi ili usiifuatilie, halafu inafika kwa mwenzake ambaye kazi yake ni kufungua vitu. Huyo hahangaiki na picha zako. Anaingia kwenye barua pepe, maana barua pepe ya kwenye simu hakuna anayeifunga, kisha anakwenda kwenye apu ya benki anabonyeza nimesahau pasiwedi, na namba ya kuthibitisha inakuja wapi? Inakuja kwenye barua pepe hiyohiyo au laini hiyohiyo. Tulipofika hotelini tukafungua kompyuta, barua pepe ya kijana imeshabadilishwa pasiwedi, na kadi aliyokuwa ameihifadhi kwenye duka la mtandaoni imeshafanya manunuzi. Hapo hata kahawa hatujanywa.

Najua kuna mtu anasema moyoni, aah, hata Kariakoo simu zinaibiwa. Zinaibiwa ndiyo, lakini kibaka wa Kariakoo anataka akauze simu. Kule simu iliyo wazi ina thamani kuliko iliyofungwa, ndiyo maana hawavizii mkoba wako, wanavizia dakika unayoitumia. Na sababu ipo. Mwezi Novemba 2020 Benki Kuu ya Brazil ilileta Pix, pesa inatoka benki hii kwenda ile kwa sekunde, saa 24, siku zote. Kitu kizuri mno, sisi tunaotumia M-Pesa tunaelewa. Ila wezi nao wakaelewa, watu wakawa wanatekwa usiku wanalazimishwa kutuma, mpaka mwaka 2021 Benki Kuu ikaweka kikomo cha reali 1,000, hiyo ndiyo pesa yao, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Desemba 2023 serikali ikaleta apu ya Celular Seguro, ukiibiwa unatoa taarifa sehemu moja, simu, laini na benki zinafungwa. Lakini wewe mgeni huna CPF, namba ya mlipa kodi ya Brazil, ile haikusaidii. Hata Google walipotaka kujaribu kinga ya simu kujifunga yenyewe ikinyakuliwa mkononi, mwaka 2024, walianzia Brazil. Unadhani walikosa pa kwenda?

Mwingine atasema mwizi wa kule hajui Kiswahili, meseji zangu atazisomaje. Ndugu yangu, simu hiyohiyo inatafsiri. Na pini zenu nazijua mnavyoziweka, umeseivu namba za watu halafu katikati kuna "Shangazi Benki" yenye tarakimu nne. Shangazi gani ana namba ya tarakimu nne?

Kwa hiyo fanya hivi. Mtaani unatembea na simu ya bei rahisi, yenye ramani na WhatsApp ya safari, haina benki, haina barua pepe yako kubwa. Yenye benki inabaki kwenye sefu ya hoteli, na laini yako ya nyumbani ibaki humo humo. Kama unayo moja tu, basi weka pini kwenye laini yenyewe, sio kwenye simu tu, maana wanaichomoa wanaiweka kwenye simu nyingine wapokee zile namba za kuthibitisha. Toa kadi ulizohifadhi kwenye maduka ya mtandaoni. Ukitaka ramani, ingia dukani, ingia kituo cha metro, egemea ukuta mbali na barabara, angalia, rudisha mfukoni, ndio utoke. Hata bodaboda mwenye boksi la chakula mgongoni usimwamini kwa sababu ya boksi. Ukiwa ndani ya teksi pia simu isikae kwenye dashibodi wala mkononi karibu na dirisha, kwenye foleni wanavunja kioo cha gari wanaichukua, sekunde chache tu.

Na wakikusimamisha uso kwa uso, toa. Usibishane, usiingize mkono mfukoni ghafla, usikimbize mtu. Ndio maana nilimshika yule kijana shati, yule wa baiskeli hajui wewe una nini na wewe hujui yeye ana nini, na mwenzake unakuta yuko hatua kumi nyuma yako. Watu wanakufa kule kwa ajili ya simu. Mama yako hakukuzaa ili ufie kioo kilichopasuka kona.

Muda naona umekwisha, mengine nayapitia tu. Mashine ya kadi ambayo kioo chake kimevunjika au kimezibwa, usiguse kadi kabla hujaona bei, utalipa reali 3,000 kwa maji ya nazi. Kinywaji usikiache mezani. Nyie wa apu za mapenzi, kuna genge linatumia picha ya mrembo kukuita pembeni ya mji, wanakufungia ndani mpaka pesa ziishe, kutaneni mahali penye watu au msikutane. Usiku usitembee kwa miguu katikati ya jiji, maeneo ya Sé, República wala Luz. Polisi wakikusimamisha, na sisi weusi wanatusimamisha zaidi, mikono ionekane, jibu taratibu, tembea na kopi ya pasipoti. Jumapili nendeni Paulista, magari yanazuiwa, watu wanacheza barabarani, mtafurahi sana, simu mfukoni.

Dharura ni 190 polisi, 192 ambulensi. Ukiibiwa kuna kituo cha polisi wa watalii, kinaitwa Deatur, usiondoke bila karatasi ya taarifa, bima wataitaka na ubalozi wataitaka.

Maswali baadaye. Sasa hivi toeni simu, hapa hakuna baiskeli, bonyezeni nyota, reli, sifuri, sita, reli. Imetokea namba ndefu? Hiyo ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, polisi watakuuliza. Iandikeni kwenye karatasi, dada hapo nyuma, kwenye karatasi, sio kwenye simu.