Maharagi Yote Yanapandwa, Lakini si Yote Yanapanda: Mhadhara wa Mbegu, Bukavu

Wamama, wababa, nanyi vijana, karibuni. Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kinatutega hapa: maharagi yote yanapandwa, lakini si yote yanapanda. Leo tunasema juu ya yale yanayozunguka kijiti mpaka mita mbili na zaidi, yale maagronomu wanayoyaita volibili. Mtu wa Kadutu au wa Ibanda, hapa mjini, ambaye kiwanja chake kimebanwa na ukuta wa jirani hawezi kuongeza upana. Anaongeza urefu kwenda juu.

Shida inaanza mbele ya kikapu sokoni. Punje nyekundu ya mmea mfupi na punje nyekundu ya mmea unaopanda hufanana kama mapacha. Rangi, ukubwa, madoa, hakuna kinachokuambia lolote. Ndiyo maana mtu anakata vijiti mia, anavisimamisha, na wiki chache baadaye mmea umefika magotini, umetoa maua na umekomea hapo. Mbegu ya aina hii huchaguliwa kwa masikio kabla ya macho. Mtafuteni aliyelima, si aliyenunua ili auze tena, mumuulize mambo matatu: yalisimamishiwa vijiti? Yalilimwa wapi? Yalivunwa lini?

Swali la wapi ni swali la kimo. Bukavu iko kwenye mita kama 1,500, na vilima vyake vinapita hapo. Mbegu iliyozoea Kabare, Walungu au Idjwi itajiona nyumbani. Iliyozoea joto la bonde la Ruzizi inaweza kushindwa na baridi na unyevu wa huku, na ya huku ikishushwa Kamanyola, kule bondeni, hudondosha maua kwa joto.

Swali la lini ndilo watu wengi hawaliulizi. Mavuno ya msimu A, ule unaopandwa Septemba, yanaangukia Januari, mvua ingali inanyesha, ganda linakaukia kwenye maji na kuvu linaingia mpaka kwenye punje. Mavuno ya msimu B, ule unaoufuata, yanakutana na kiangazi cha Juni. Mkitaka mbegu ya kupanda Septemba, tafuteni ya Juni. Na kama mnaweza, inunueni ikiwa bado ndani ya ganda. Ganda halifichi kitu: chule, ugonjwa wa kuvu, huacha juu yake vidonda vyeusi vilivyobonyea, vyenye ukingo mwekundu. Punje nyeupe itaonyesha doa la ugonjwa huo, lakini punje nyeusi au ya rangi ya damu ya mzee italificha, nawe utaupeleka ugonjwa shambani kwa mkono wako.

Kuna pia mbegu ya kituo. INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wana kituo chao Mulungu, hapo Kabare, ambacho kimefanya kazi na maharagi miaka mingi, na mbegu inayozidishwa na wakulima hukaguliwa na SENASEM, idara ya taifa ya mbegu. Dai lebo, usome jina la aina na tarehe. Ikiwa punje zimepakwa rangi ya waridi au buluu, hiyo ni dawa: hazipikwi hata zikibaki, hazipewi kuku, na mikono inaoshwa kwa sabuni. Mbegu za vituo zimesafiri mbali kuliko tunavyodhani. Ile inayoandikwa G2333, nyekundu ndogo inayovumilia sana chule, asili yake ni Mexico, na Rwanda waliipa jina Umubano. Inazaa vizuri ila inachelewa, basi kwa msimu B, ambao mvua yake hukatika mapema, afadhali aina inayokomaa upesi.

Mama mmoja hapa anauliza kama mchanganyiko wa sokoni, rangi tano katika kopo moja, ni mbaya. Si mbaya kwa asili yake. Wakulima wa maziwa makuu wanapanda michanganyiko tangu zamani kwa akili: ugonjwa ukiangusha aina moja, nyingine inasimama. Ubaya ni kuchanganya mimea mirefu na mifupi, kwa sababu mirefu itaifunika mifupi na kuinyima jua. Tenga rangi zile tano, panda punje kumi za kila moja pembeni, uone ipi inapanda. Msimu unaofuata utakuwa na mchanganyiko wako.

Kiasi gani kinatosha? Tuta la mita 5 kwa 2 linachukua mistari minne, sentimita 50 kati ya mstari na mstari, na shimo kila sentimita 20. Hayo ni mashimo 100, punje mbili kila shimo, jumla 200. Punje za wastani 100 zina uzito wa gramu kama 40, basi ni gramu 80. Chukua 150, upate za kujaribu na za kuziba mapengo. Msiende kununua kilo tatu.

Kujaribu ni hivi. Hesabu punje 50, zikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, si kinachochuruzika maji, weka kwenye sahani, nyunyizia kila siku. Siku ya saba hesabu zilizotoa mzizi wenye afya. Zikifika 40, panda kama kawaida. Kati ya 30 na 40, weka punje tatu kila shimo. Chini ya 30, mfuko uende jikoni, isipokuwa ule wenye dawa.

Sasa fukusi, mdudu anayetoboa maharagi. Watu wanadhani anaingia ghalani, kumbe mara nyingi amekuja na mavuno: jike hutaga kwenye maganda yanayokauka shambani. Punje inaonekana nzima, na ndani kuna funza. Zikaushe punje kwanza, basi. Tia chumvi kavu na punje kwenye chupa ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisha punje juani, lakini juu ya mkeka, si juu ya bati linalochoma, maana joto hilo linaua kiini.

Zikikauka, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujaza chupa mpaka mdomoni na kufunga kabisa, wadudu wamalize hewa yao. Ya pili ni kuijaza nusu na kuibiringisha asubuhi na jioni. Kifunza kilichoanguliwa kinahitaji muda mrefu mahali pamoja, kikijiegemeza kwenye punje ya jirani ili kitoboe ganda gumu, na ukikisumbua hakifaulu. Msichanganye njia hizi. Chupa ya kwanza haifunguliwi mpaka siku ya kupanda.

Maharagi hujichavusha kabla ua halijafunguka, kwa hiyo kwa kawaida mbegu yako itabaki ileile hata jirani akipanda nyingine. Funga uzi kwenye mimea mizuri wakati wa maua. Usichume majani yake kwa mboga. Mmea wenye majani membamba, yaliyojikunja na mabaka ya kijani kizito na chepesi, ng'oa mapema: hiyo ni mozaiki, na inasafiri ndani ya mbegu.