Mawe ya Ukuta wa Hadrian yalikwenda wapi?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Sitawachosha na orodha ya makaisari. Jioni hii tufuatilie mawe tu.

Ukuta huu ulianza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian wa Roma, kaskazini mwa Uingereza, ukaikata nchi kutoka Mto Tyne mashariki hadi ghuba ya Solway magharibi, kilomita 117 hivi. Mafundi walikuwa askari wenyewe wa Roma. Upande wa magharibi walianza kwa mabonge ya udongo wenye nyasi. Mawe yakaja baadaye.

Leo ukienda, sehemu kubwa huoni kitu juu ya ardhi. Utaambiwa umeliwa na wakati. Si kweli, umeliwa na watu. Watawa wa Lanercost walijengea makao yao mawe hayo katika karne ya 12. Wakulima nao wakajichukulia ya nyumba na mazizi. Lakini aliyekula zaidi ni serikali. Waasi wa mwaka 1745 walipoteremka kutoka Scotland kupitia Carlisle, upande wa magharibi, Jenerali Wade wa serikali alikuwa Newcastle, upande wa mashariki, na jeshi lake, na kwa ubovu wa njia akashindwa kuwawahi. Basi miaka ya 1750 ikajengwa barabara ya kijeshi, na kwa maili nyingi ukuta ukabomolewa, kifusi chake kikatandazwa chini. Magari yanapita juu yake hadi leo!

Kipande ninachokipenda mimi kiko Planetrees. Ni kifupi, watalii wengi hukipita. Mwaka 1801 William Hutton, mzee wa miaka 78 aliyetoka Birmingham kwa miguu, alikuta ukuta unavunjwa pale ili mwenye shamba apate mawe ya nyumba. Akamsihi aache, kilichobaki ndicho hicho. Kitazameni chini: msingi una upana wa karibu mita tatu, ila ukuta uliokaa juu yake ni mwembamba, msingi umechomoza pembeni. Waliochimba msingi walitangulia, kisha ikaja amri ya kupunguza upana. Hakuna maandishi yanayotueleza hayo, ni mawe yenyewe.

Na ule ukuta wa kwenye picha, unaopanda majabali karibu na ngome ya Kirumi ya Housesteads? Huo umepita mikononi mwa John Clayton, mwanasheria wa Newcastle, aliyenunua mashamba yale karne ya 19. Vibarua wake waliyaokota mawe yaliyoanguka, wakayapanga upya bila chokaa, juu wakafunika kwa nyasi. Mawe ni ya Kirumi, kazi ni ya juzi. Wapo wanaomlaumu, mimi simo, maana bila yeye yangeishia mazizini.

Naona mikono imeinuka, na swali nalijua: Waafrika walikuwepo? Walikuwepo. Jiwe la madhabahu lililopatikana Beaumont, la karne ya 3, linakitaja kikosi cha Wamauri wa Afrika Kaskazini waliolinda ngome ya Aballava, karibu na mwisho wa ukuta upande wa magharibi.