Kurudi Gwarideni

Wazazi, walezi, na ninyi vijana mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie kijana aliyejiunga na kadeti, yaani mpango wa kuwafundisha vijana gwaride na nidhamu ya mtindo wa kijeshi, akaacha, na sasa anajiuliza kama arudi. Nimewasikiliza vijana wengi wa namna hiyo, na karibu kila mmoja huanza kwa kusema, huku akitazama chini, kwamba "alitoroka". Neno hilo tuliondoe kwanza, kwa sababu linaharibu hesabu yote inayofuata. Anayetoroka ni askari aliyekula kiapo. Kadeti huacha tu. Kanada, kwa mfano, ambako mpango huu ni wa vijana wa miaka 12 hadi 18, kadeti hahesabiwi kuwa mwanajeshi na wala hatarajiwi kujiunga na jeshi baadaye. Hakuna deni, na kijana anayerudi kwa kudhani kwamba analipa deni hukaa wiki chache, akaona amekwisha kulipa, akaacha tena.

Swali la kwanza, basi, ni kuhusu kilichokutoa. Kama ni mitihani, ugonjwa au nyumba kuhama, angalia tu kama kizuizi kimekwisha. Sina mengi ya kuongeza. Kama ulichoshwa, jiulize ulichoshwa na nini hasa, kwa maana anayechoshwa na gwaride lenyewe hatalipenda kwa sababu ya kupumzika mwaka mmoja, ilhali aliyechoshwa na kiongozi mmoja anaweza kukuta kiongozi huyo ameshaondoka. Lakini kama ulidhalilishwa au uliumizwa, sitakushawishi urudi, na ninawaomba wazazi nao wasifanye hivyo. Hilo si jambo la ukakamavu. Ni jambo la kuambiwa mtu mzima anayeaminika, na kikosi kiulizwe waziwazi kimebadilisha nini, kabla ya neno kurudi kutajwa mezani.

Sasa nifike penye uzito, na mniruhusu nitumie mfano wangu mwenyewe. Niliacha nikiwa na miaka 15, nikiwa koplo, na sababu yangu haikuwa nzito: nilikasirika kwamba sikuchaguliwa kwenda kambini. Miezi 11 baadaye nikarudi. Viatu vilikuwa vimenibana, na mkanda ulikuwa umeshika kutu kwenye bizimu, lakini hayo yalirekebishika kwa siku moja. Kilichonipata gwarideni sikuwa nimejiandaa nacho. Mbele ya safu yetu alisimama sajini, msichana mdogo kwangu kwa mwaka mzima, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha nyuma geuka: kisigino cha mguu wa kulia, ncha ya kiatu cha kushoto, magoti yasilegee. Akatoa amri ya kugeuka kulia, nami, kwa wasiwasi, nikageuka kushoto, nikabaki natazamana uso kwa uso na kijana mgeni aliyekuwa amepatia. Yule sajini hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Kadeti, rudia." Hakutumia jina langu, ingawa alilijua vizuri sana, na alifanya haki.

Nimelikumbuka neno lile miaka mingi, kwa sababu ndani yake mlikuwa na uamuzi wote ambao nilidhani nimekwisha kuufanya nyumbani. Anayerudi harudi kwenye kikosi alichokiacha. Kile hakipo tena. Anaingia katika kikosi ambacho kiliendelea bila yeye, waliokuwa nyuma yake wamepanda vyeo, na utani wa kambi anayoikumbuka yeye haumchekeshi mtu. Huenda cheo chake cha zamani kikatambuliwa, huenda kisitambuliwe. Taratibu hutofautiana, na jibu linapaswa kuulizwa mapema. Lakini hata kikitambuliwa, heshima iliyokuwa ikikizunguka itabidi itafutwe upya. Ukiweza kuiwaza safu ya nyuma, chini ya amri ya mdogo wako, na bado ukatamani kuwepo, una sababu nzuri ya kurudi. Ukiona kwamba unachokikosa ni ile alama begani tu, hiyo, kwa maoni yangu, haitoshi.

Kuna pia hesabu ya umri, ambayo vijana huipuuza na wazazi huikumbuka wakiwa wamechelewa. Katika Civil Air Patrol ya Marekani, shirika la kujitolea la mambo ya anga lenye mpango wa kadeti, kijana hujiunga akiwa na miaka 12 au zaidi na kabla hajatimiza 19, na anaweza kubaki mpaka atimize 21. Na kutoka hatua moja ya kupanda cheo hadi nyingine ni lazima zipite siku 56 au zaidi. Kwa hiyo mwenye miaka 16 ana nafasi tele mbele yake. Mwenye miaka 17 na nusu, katika mpango unaokoma anapotimiza miaka 19, ana mwaka mmoja na nusu, na ni bora arudi kwa ajili ya mafunzo yenyewe, kama vile kusoma ramani, huduma ya kwanza au kuwafundisha wageni, kuliko kwa ajili ya ngazi ambayo huenda asiifikie.

Kabla ya kujaza fomu, omba ruhusa ukae pembeni uangalie mafunzo ya jioni moja. Chagua jioni ya kawaida, usichague siku ya sherehe, maana siku ya sherehe kila mtu hutamani kuwa kadeti. Angalia jinsi wakubwa wanavyomsahihisha anayekosea, na kama wadogo wanathubutu kuuliza. Kisha mwendee mkuu wa kikosi, umwambie kwamba uliacha, useme sababu kwa sentensi moja bila kumlaumu mtu, umuulize utaanzia wapi. Nenda na nguo za nyumbani. Sare ya zamani iache kabatini, hata kama bado inakutosha, kwa sababu alama iliyoshonwa juu yake ni ya cheo ambacho hujui kama bado ni chako.