Raigrasi ya mwituni: andikeni ilipandwa au ilijiotea

Maafisa wa kilimo mliotoka Molo na Mau Narok, wanafunzi, wakulima wa hapa Njoro: leo nalirudia lile ninalolisema kila nikipewa nafasi. Ukikusanya raigrasi (kwa jina la kisayansi, Lolium) ya kuhifadhi kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi zenye lebo, andika kama ulikuta imepandwa au imejiotea.

Huku kwetu nyasi hii hupandwa kulisha ng'ombe wa maziwa, na hiyo hiyo hujiotea ndani ya ngano, mitaroni na kando ya barabara. Kisha mtu analeta lebo inayosema "Lolium, Njoro, shambani". Shamba lipi? La malisho, au la ngano ambako mwenyewe anaipulizia dawa iishe? Miaka 50 baadaye hakuna wa kuulizwa, na karatasi hiyo haiwezi kuthibitisha kwamba nyasi ilitoroka malishoni. Andika hivi: "Imejiotea ukingoni mwa ngano, mita 2 kutoka barabarani, mashina mengi, hakuna malisho yaliyopandwa karibu." Ongeza tarehe, mwinuko, vipimo vya GPS na namba yako ya mkusanyo. Taja pia umbali kutoka mji unaojulikana, na usitegemee jina la shamba peke yake, kwani shamba likigawanywa vipande jina nalo hupotea. Hata miji hubadili majina: anayetafuta sampuli za zamani za Nyahururu asome pia Thomson's Falls, na wa Webuye asome Broderick Falls.

Najua wapo wanaosema picha ya simu yatosha. Haitoshi hata kidogo! Visuke vya Lolium hukaa kwa ubavu kwenye mhimili wa suke, na kila kisuke kina glumu moja tu, yaani lile ganda la nje. Cha kileleni pekee ndicho chenye mbili. Ipime hiyo glumu. Kwa Lolium temulentum hufikia urefu wa kisuke kizima au kukipita, na mbegu zikikomaa huvimba. Kwa Lolium multiflorum ni fupi kuliko kisuke, na vimaua kwa kawaida vina nywele ndefu nchani. Lolium perenne kwa kawaida haina nywele hizo, na jani lake changa hutoka limekunjwa, wakati la multiflorum hutoka limeviringwa. Picha gani itakuonyesha hayo? Tena hizi mbili za mwisho huzaana kwa chavua ya upepo, kwa hiyo chukua mimea kadhaa ya mahali pamoja, la sivyo utaokota chotara na kumpa jina la spishi safi. Na ng'oa na mizizi, usikate: bila kitako cha mmea, ni vigumu kutofautisha wa msimu mmoja na wa kudumu.

"Lakini haya ni magugu tu, ya nini kuyatunza?" Swali hili linanichosha, basi nalijibu kwa ushahidi. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kupima DNA ya sampuli 734 za gugu jingine la ngano, Alopecurus myosuroides, zilizokusanywa kati ya 1788 na 1975. Sampuli moja ya mwaka 1888 ilikuwa na badiliko la jeni linaloufanya mmea usidhurike na kundi fulani la dawa za magugu, karibu karne nzima kabla dawa hizo hazijaingia sokoni. Usugu ulikuwepo tayari. Dawa ikauchuja na kuuzidisha. Raigrasi nayo ni miongoni mwa magugu yanayosumbua zaidi duniani kwa usugu. Tutaijuaje historia ya ile ya Nakuru ikiwa hatukuweka kitu?

Muda umekwisha, haya nayasema mbio. Mmea mrefu ukunje kwa umbo la V au N uenee kwenye karatasi. Badilisha magazeti ya kukaushia mmea kila siku mwanzoni, maana kwa ukungu wa Molo kuvu huingia upesi. Visuke vilivyopukutika vitie kwenye bahasha uibandike kwenye karatasi hiyo hiyo. Gandisha wiki moja kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kuua wadudu. Nakala moja peleka Hebaria ya Afrika Mashariki, Nairobi.

Na wenye sampuli zenye lebo pungufu, ambao bado wanakumbuka walikozing'oa, wazijaze wiki hii, na waandike tarehe ya kujaza kando ya tarehe ya kukusanya.