Kuandika Hadithi Fupi: Tuanze na Rasimu Mbovu

Asalaam alaykum watazamaji wetu wa Unguja, Pemba na popote mlipo. Leo tunaandika hadithi, na tunaiandika hapa hapa mbele ya kamera. Chukua daftari na kalamu. Simu ipeleke chumba cha pili.

Kwanza tafuta saa yako na uishikilie. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alikuwa akiandika kabla hakujapambazuka, maana alikuwa na kazi na watoto wa kulea. Kwetu hapa, baada ya sala ya alfajiri nyumba huwa kimya mpaka watoto waanze kutafuta viatu vya skuli. Nusu saa hiyo yatosha. Abdulrazak Gurnah, kwenye hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021, alieleza kwamba alipokuwa skuli Zanzibar alilipenda somo la kuandika hadithi kuliko masomo yote. Basi tukae kama tuko darasani.

Andika sasa. Mada yetu ni msimu wa karafuu Pemba. Usifute, usirudi nyuma, hata ukiona umeandika upuuzi. Tazameni yangu:

"Ilikuwa ni siku moja nzuri yenye jua kali sana. Bi Zuhura alikuwa ni mwanamke maskini aliyejawa na huzuni kubwa moyoni mwake kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na karafuu zake zilikuwa zimeanikwa nje."

Mbovu, sivyo? Iacheni hivyo hivyo.

Ukichoka, simama pale unapojua kitakachofuata. Ndivyo alivyokuwa akifanya Ernest Hemingway, mwandishi mwengine wa Marekani, na kesho yake hakuanza kwa kutafuta pa kushika. Mimi najua Bi Zuhura atalikimbilia jamvi, kwa hiyo kalamu naiweka chini.

Hadithi ikimalizika, ifungie kabatini. Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha, anashauri wiki sita kwa uchache, lakini yeye anazungumzia riwaya. Kwa kurasa nne, wiki mbili naona zinatosha.

Haya, kamera isogee karibu na karatasi, maana kazi yenyewe iko hapa. Kalamu nyekundu. "Siku moja nzuri": mvua inakuja, uzuri uko wapi? Futa. "Maskini" na "huzuni kubwa" ni maneno ya kumwambia msomaji aamini tu, hakuna anachokiona. Jiulize: mwenye karafuu jamvini akiona wingu, anafanya nini? Hakai akahuzunika. Anazoa! Karafuu ikirowa na isikauke vizuri huvunda, na ikifika kituo cha kununulia hushuka daraja. Hofu yake ni hiyo, tena ina bei. Sasa naandika upya:

"Wingu lilipotanda upande wa Mkoani, Bi Zuhura alikuwa keshakunja pembe mbili za jamvi. 'We Asha! Polo, mbio!' Asha akaja na polo moja, nalo lina tundu."

Maneno 32 yamekuwa 25. King husema rasimu ya pili iwe ya kwanza kasoro asilimia 10. Hapa tumepita, si neno. Umaskini umeuona kwenye tundu la lile polo, yaani gunia.

Kuhusu mazungumzo: mtoto wa Wete, Pemba, asizungumze kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Lakini pia, jamani, wapo waandishi wa mjini wanaomtia Mpemba kwenye hadithi ili lafudhi yake ichekwe tu. Hilo silipendi. Mpe jambo la kusema kwanza.

Mwisho, isome kwa sauti. Mtafute mtu barazani, mtu asiyeona haya kukukatiza, umsomee yote bila kuieleza. Usimuulize kama imependeza, atakwambia nzuri sana ili muendelee na kahawa. Mtazame yeye. Pale macho yanapohamia kwa wapita njia, tia alama pembeni, endelea kusoma. Vipande vyenye alama ndivyo utakavyoanza navyo alfajiri, kwa kalamu ile ile nyekundu.