Mzee usimkalishe tu, mfundishe miguu: mazoezi ya kuzuia kuanguka

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena, leo tupo uani kwenye makaazi ya wazee huku Pemba, chini ya mwembe, hizo kelele za kuku mtaniwia radhi siwezi kuzizuia. Mie ni mlezi hapa, mazoezi haya nimefundishwa na watu wa fizio, wale wataalamu wa mazoezi ya viungo, nikayafanya na wazee wetu mpaka nkajua wapi wanakwama. Na huyu bibi yetu ndo atatuonesha, ana miaka 78, tumechelewa kuanza kwa sababu kakataa kurikodiwa mpaka ajitande vizuri.

Kabla ya yote nna neno. Sie mzee tukimpenda tunamwambia kaa, utaanguka. Chai tunamletea, maji tunamletea, hata kopo la udhu tunambebea, mwaka unakwisha mzee hasimami ila kwenda chooni, mapaja yamekauka, halafu siku anosimama mwenyewe ndo siku anoanguka na sie tunasema si nlimwambia akae! Kumbe kule kukaa ndo kumemuangusha.

Na hili si la kubuni. Australia kuna utafiti ulotoka 2018 unaitwa Sunbeam, makaazi ya wazee 16, wazee 221, kundi moja likafanya mazoezi ya nguvu na balansi saa moja mara mbili kwa wiki, wiki 25, kundi jengine likaendelea na mambo yake kama kawaida. Walofanya mazoezi wakaanguka kidogo kuliko wenzao kwa asilimia 55. Wenzetu walikuwa na mashine, sie tuna soksi na mchanga, ntawaonesha.

Haya, matayarisho. Mzee mwenye maumivu ya kifua, alofanyiwa operesheni juzi juzi, au presha yake haijatulia, muulizeni daktari kwanza. Na kama anakunywa dawa za presha au za usingizi na akisimama anaona kizunguzungu, mwambieni daktari pia maana huenda hizo dawa ndo zinomuangusha, mazoezi peke yake hayatoshi hapo. Ramadhani fanyeni baada ya futari akishatulia.

Kiti kiwe cha mbao, kizito, mgongo wa kiti uegemee ukuta. Kile cha plastiki sitaki kukiona, kinateleza. Kandambili vua! Kiatu kiwe kimefunga kisigino, soli isiteleze, hela ya pencheni jamii ya mwezi huu mnunulieni mzee viatu kabla hamjamuomba mkopo. Mwenye bakora geuzeni chini mtizame ile raba, ikishaliwa ikawa laini basi ni kama hana bakora.

Sasa tunaanza. Bibi, bismillah.

La kwanza kupasha mwili, kaa kitini, nyanyua goti moja moja kama unapiga kwata, dakika mbili, halafu vidole vya mguu juu chini juu chini. Hili rahisi, twende.

La pili ndo mama wa mazoezi yote, nikiambiwa nichague moja nachagua hili: kukaa na kusimama. Tizama bibi anavofanya. Anasogea mbele ya kiti, nyayo anazirudisha nyuma kidogo, ziwe nyuma ya magoti, hapa ndo wengi wanakosea wanaacha miguu mbele halafu wanavutana na kiti. Sasa anainama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndo anasimama. Akishasimama asiende popote, atulie, avute pumzi, ndo akae tena, na kukaa kwenyewe polepole, asijitupe pwaa kama gunia la karafuu. Bibi, kule kushuka polepole ndo paja linapofanya kazi!

Mwanzo aruhusiwe kushika mikono ya kiti. Akishindwa kabisa mtilieni mto mgumu kiti kiwe juu. Akizoea, mto utoke, halafu mkono mmoja, halafu bila mikono.

Kuhesabu, sie tunatumia tasbihi, mie ndo naishika sio bibi. Hii yetu ya punje 33 ina alama kila punje 11, kwa hiyo bibi anasimama mara 11, anapumzika dakika mbili, 11 tena, anapumzika, 11 ya mwisho. Mwenye kuanza aanze na tano tu inatosha, asilazimishwe.

La tatu, uzito. Soksi, tia mchanga wa pwani ulokauka, pima nusu kilo pale kwa muuza duka, funga fundo, halafu funga kwenye kifundo cha mguu kwa kitambaa, isibane sana hasa kwa mwenye sukari, mtizameni ngozi kabla na baada. Mzee amekaa, ananyoosha goti mguu uwe sawa, hesabu tatu, anashusha. Mguu huu, halafu huu. Jengine amesimama kashika mgongo wa kiti, ananyanyua mguu kwa pembeni, mwili usilale upande.

Sasa sikilizeni, hapa ndo tunapowaharibia wazee. Tunawapa mazoezi ya kitoto, kurusha mikono na kupiga makofi, miezi sita ile ile. Mguu hauna habari! Mzee akifika mara ya nane, ya kumi, aone kazi, asema "eeh mwanangu". Akimaliza 15 na bado anakusimulia habari za mjini, ongeza mchanga. Nusu kilo, robo tatu, kilo. Bibi huyu sasa yuko kilo moja, alianza bila kitu.

La nne, simama umeshika meza nzito, nyanyua visigino, shusha. Halafu kinyume chake, nyanyua vidole, usimamie visigino. Hii ya vidole ndo inosaidia mguu usikwame kwenye mkeka na vizingiti vyetu hivi.

La tano balansi, na hapa mlezi usichezee simu. Simama pembeni yake na nyuma kidogo, mkono wako karibu na kiuno. Usimkamate kwapa, akiyumba utamtegua bega na chini ataenda. Sie tunamfunga kanga kiunoni imara, tunapata pa kushika. Miguu pamoja, sekunde 10. Halafu mguu mmoja nusu mbele ya mwengine. Halafu kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma, kama anotembea juu ya kamba. Mwisho mguu mmoja. Mikono miwili mezani, halafu mmoja, halafu kidole kimoja tu. Akiyumba kidogo ni sawa, kama hayumbi hata chembe hajifunzi kitu, ila meza iwe mbele yake na wewe ubavuni.

Huu mguu mmoja una kazi yake hasa. Babu yangu mie aliangukia bafuni, kasimama ananyanyua mguu aoshe kwa ajili ya udhu, sakafu imejaa maji, nyonga ikavunjika. Kwa hiyo zoezi hili lifanyeni, lakini udhu wenyewe awe amekaa kwenye kibao au kigoda, mguu utiliwe maji akiwa kakaa.

La sita kutembea pembeni umeshika ukuta, hatua 10 kulia, 10 kushoto, na kugeuka. Kugeuka kwa hatua ndogo ndogo, duara, usizungushe kiwiliwili miguu imebaki nyuma, wengi wanaangukia hapo hapo mtu akimwita kwa nyuma. Kwa hiyo nyie nanyi msiwaite wazee kwa nyuma, zungukeni mbele mseme nao.

Siku ngapi? Sie Jumamosi, Jumatatu na Jumatano baada ya alasiri, jua limepoa. Misuli ikiuma kesho yake ni kawaida, lakini kifua kikibana, kizunguzungu, au kiungo kikiuma kama kisu, simamisheni siku hiyo hiyo. Na msiache baada ya mwezi mmoja mkaona mzee kapata nguvu, mkiacha inaondoka.

Usiku umeme ukikatika je? Tochi iwe chini ya mto, na akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwanza, apige ile kwata ya miguu mara kumi, ndo asimame.

Haya bibi umechoka? Anasema hajachoka, anataka soksi ivuliwe akaswali.